Njaa na Ndaa

Mwalimu Famau aliandika ubaoni, chaki ikilia:
nomino dhahania ni jina la kitu
kisichoonekana, kisichoshikika, kisicho na uzani.
Chini yake, kwa hati iliyolala kulia, mifano minne:
uzuri. hofu. deni. njaa.
Tulinakili. Dirishani punda wa kina Bunu
alikuwa akijikuna kwenye ukuta wa shule
mpaka chokaa ikamkaa ubavuni kama shati.

Somoe akainua mkono.
Mwalimu, deni lashikika.
Letu limo katika daftari la dukani kwa Saggaf,
jalada la kijani, kona imeliwa na mende.
Mimi ndiye nilipelekaye kila Ijumaa
na nikirudi nalo huwa zito zaidi.
Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka.
Hilo ni daftari, Somoe. Deni ni wazo.
Akamtia kosa, kwa wino mwekundu.

Na njaa?
Kwetu Langoni hakukuwa na njaa.
Kwetu kulikuwa na ndaa.
Mama aliitamka kwa ncha ya ulimi,
kama anayeng'oa mwiba wa samaki kwenye ufizi:
Yeo kuna ndaa, wanangu, kunweni mai, mulale.
Ndaa ilikuwa na sufuria iliyofudikizwa,
ilikuwa na kijiko kikwaruzacho ukoko wa yana,
ilijua majina yetu na tulivyofuatana kuzaliwa.
Ile ya ubaoni ilikuwa na j safi, mkia umekunjwa vizuri.
Kuna mtu aliyeichukua ndaa yetu, akaiosha,
akaondoa sufuria, akaondoa mama,
akaichuja, akaichuja tena,
na kilichobaki kikaenea kila kinywa:
cha Garissa, cha Kigoma, cha waziri.

Sasa mimi ni fundi wa chokaa, Mkomani.
Nachonga vidaka katika nyumba
ambazo wenyewe huja mwezi mmoja kwa mwaka.
Bwana Shee aliyenifunza alianza na jani,
jani lenyewe, la mkungu,
akalibandika ukutani kwa mate.
Toa mishipa, akasema. Nikatoa.
Toa kijani. Toa kikonyo.
Toa na jina, usiliite jani.
Siku ya tisa ulibaki mviringo tu
unaokimbizana na mwenziwe
kutoka kizingitini hadi pembe ya chumba,
na mgeni akiutazama hunyamaza,
husema unamkumbusha kitu, hajui nini.
Mimi najua. Silipwi kwa kusema.

Nimekuja kumwelewa Mwalimu, kidogo.
Kuna huruma katika kuondoa.
Ndaa yetu isingepita mlango ule mfupi,
ingekaa pale pale na sufuria yake
na mtu wa mtaa wa pili asijue.
Ilibidi ivuliwe nguo ndipo isafiri.
Lakini naviogopa vitu visafirivyo uchi.
Kwenye mkutano wa kaunti waliitaja njaa
mara kumi na nne, nilihesabu kwa vidole
nikarudia vidole,
na hakuna aliyemeza mate.

Duka la Saggaf sasa ni la Somoe.
Daftari ni jipya, la buluu.
Juzi nilimtania: bado unaliona deni?
Akafunua, akaweka kidole penye jina langu:
unga kilo mbili, mafuta, kiberiti.
Haya, likamate, akasema.
Nikalikamata.
Vidole vyangu vikaacha weupe kwenye jalada.
Akaupangusa kwa kishungi cha mtandio,
akanilambia kalamu ncha,
akaongeza: chumvi.